Upande wa Wino wa Kijani

Ndera, karibu na Garsen
12 Januari 2025

Mwanangu Christine,

Pokea salamu za joto, na joto lenyewe si la maneno. Huku hata kuku wanatembea midomo wazi. Mimi mama yako Nyevu ni mzima isipokuwa magoti. Yamekuwa kama ya kuazima: asubuhi yananikubali, ikifika adhuhuri yanataka kurudi kwa mwenyewe. Kaka yako Mwaro bado yuko Madogo na biashara yake ya mbuzi. Anasema atakuja, nami nasema karibu, basi ndiyo mwaka unakwisha hivyo. Mahindi ya kando ya mto yameshika. Ng'ombe wa watu waliyaonja kidogo, tukasemezana, yakaisha.

Nakuandikia kwa sababu simu na masikio yangu vimeachana tangu ile homa. Ukipiga nasikia "mama, mama," halafu mvumo kama wa mashine ya kusaga. Kwa hiyo tutakwenda hivi: mimi naandika, Everline wa saiba, lile duka la kompyuta pale Garsen, anaipiga picha barua na kukutumia, na yako anaichapa na kuniwekea mpaka siku ya soko. Everline, najua unasoma. Geuza uso.

Sasa sikia. Jumapili kwenye kikao cha akina mama, Dado aliniuliza mbele ya watu, "Nyevu, huyo mtoto wako anasomea nini huko Ubelgiji miaka yote hii?" Nikamwambia anasomea kazi ya baba yake, kutafsiri. Akacheka. "Mtu anapanda ndege kusomea kutafsiri? Si hata mimi natafsiri nikienda kununua maziwa kwa Waorma?" Nikamwambia, Dado, wewe unanunua maziwa. Marehemu Masha wangu alitafsiri karatasi ya serikali ya chanjo mpaka ng'ombe wenyewe wakajipanga mstari. Chai ikanoga.

Zile daftari kumi na moja nilizokupa ulipokuja mwaka jana, umewaonyesha wazungu? Waambie nilizinakili kwa mkono wangu nikiwa kambini, mwaka wa mafuriko, na darasa langu la saba. Wauangalie mwandiko.

Utamaliza lini? Nimewaambia watu Septemba.

Mama wa daktari,
Nyevu

*

Leuven, 9 Februari 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Barua imefika. Everline aliikata ukingo mmoja, lakini nimesoma yote. Pole kwa magoti. Jioni uyakande kwa maji ya moto, na usibebe ndoo mbili kwa mara moja, maana najua unabeba. Huku ni baridi ya soksi mbili. Ni mzima. Nasoma sana, nalala kidogo, nakula mkate mpaka nimeuchoka.

Daktari bado, mama. Tasnifu yangu ni juu ya baba, namna alivyozitafsiri karatasi za afya, za kilimo na za mafuriko kwa watu wa mtoni. Natakiwa kuikabidhi mwisho wa Agosti.

Nina swali dogo. Katika daftari la tatu, kwenye chanjo ya ng'ombe, baba ameandika: "Hapana, ndugu yangu, hilo silikubali. Mfugaji ukimwambia hivyo atakucheka." La tano: "Hapo umenishinda. Nimelichukua neno lako." La tisa: "Mbona wiki tatu hujajibu, au samaki wamekwisha?"

Alikuwa akimjibu nani, mama? Majibu yako kila ukurasa, na maswali siyaoni. Profesa wangu ananiuliza nami nabaki kutazama meza. Zile daftari zenyewe za baba ziko wapi?

Mtoto wako,
Christine

*

Ndera, 20 Machi 2025

Mwanangu,

Salamu nyingi. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa na homa, halafu homa ikaisha nikawa na uvivu. Mbuzi mweupe amezaa mapacha. Mmoja nimempa jina la profesa wako kwa sababu analia bila sababu. Mvua imeanza juu huko, mto umebadilika rangi, na watu wanautazama wakipita kama wanavyomtazama mlevi.

Kuhusu swali lako. Baba yako alikuwa mtu wa kujisemesha, hukumbuki? Hata akila alikuwa anajibizana na ugali. Huyo "ndugu yangu" pengine ni Mungu. Watu wa kanisa huandika hivyo.

Na daftari zenyewe zilikwenda na maji. Maji yalichukua nyumba, yangeacha daftari? Shukuru nilinakili.

Mwambie profesa wako kwamba Masha Ngala peke yake alitosha. Kuanzia hapa mpaka baharini hakuna aliyemfikia. Andika hivyo. Ukiona aibu kuandika, sema mama amesema.

Dado ameuliza tena. Nimesema Septemba, na kofia utavaa.

Nyevu

*

Leuven, 6 Aprili 2025

Mama,

Shikamoo. Nimefurahi homa imepona. Msalimie profesa mdogo na pacha wake.

Mungu hauzi samaki, mama.

Nisikilize bila kukasirika. Nilipokuwa na miaka saba hivi, kabla hamjanipeleka bweni, kila mara mama mmoja muuza samaki wakavu alikuwa anatoka Kau, huko chini mtoni, na daftari limefungwa kwenye karatasi ya nailoni. Baba aliacha hata chakula. Daftari lilinuka ng'onda. Siku moja nilichukua raba nikafuta neno moja ndani yake, nione kama linafutika. Baba hakuwa mtu wa kupiga, lakini siku ile alinipiga kofi mkononi. Akasema, "Neno la mtu halifutwi. Ukilikataa, andika chini yake, weka tarehe." Na neno lile nililofuta lilikuwa la wino wa kijani.

Ni Mwalimu Zubeir wa Kau. Nilijua tangu nilipokuuliza. Nilitaka uniambie wewe.

Na mimi nina langu. Mwezi wa pili nilisimama mbele ya watu wasomi nikasema baba yangu alifanya kazi peke yake miaka thelathini, bila mwenzake. Nami ni mtoto wako, napenda sifa. Mzee mmoja akainua mkono, akauliza kwa upole, "Mtu asiye na mwenzake anamwambia nani 'umenishinda'?" Profesa wangu ameniambia wazi: nusu ya mazungumzo haiwezi kusimama. Niilete nusu ya pili, au nimtoe baba kwenye tasnifu na kutafuta kazi ya mtu mwingine. Muda ni mpaka Agosti.

Kwa nini Mwalimu Zubeir hayumo, mama? Sikuwepo kwenye mazishi. Kuna nini ambacho sikuambiwa?

Christine

*

Ndera, 29 Mei 2025

Christine,

Sisi wazima. Barabara ilikatika, na barua yako imekaa kwa Everline wiki nyingi mpaka ikapauka. Nimeisomea nje ya saiba, nimekaa juu ya gunia la mtu. Mwenye gunia akaja, akanitazama, akaliacha kwanza.

Basi sikia, na usinijibu haraka.

Daftari hazikwenda na maji. Ziliroa. Nilizianika juu ya mabati ya kambi ukurasa kwa ukurasa, huku nikifukuza mbuzi. Ziko kwenye sanduku la bati chini ya leso zangu. Kila ukurasa kushoto ni buluu ya baba yako, kulia ni kijani cha Zubeir. Mimi nilinakili buluu. Nilikuwa na daftari mpya kumi na moja za msaada na kalamu mbili, nikasema huyu wa kijani ana watoto wake, wamnakilie wao.

Sababu yake ni hii. Mwaka ule, mwezi wa kumi na moja, ilikuja karatasi ya mafuriko. Ilisema wakazi wa mabondeni wanashauriwa kuhamia sehemu za juu. Baba yako aliitia kwenye Kigiriama na Kipokomo, akazunguka nayo nyumba kwa nyumba siku tatu, maji yakiwa magotini, halafu kiunoni. Alirudi na kichomi. Hakupona, hilo unalijua. Kabla hajalala kitandani alikuwa ameliandika daftari la kumi na mbili na kulipeleka Kau kwa muuza samaki, kama kawaida yao.

Siku ya matanga Zubeir akaja. Nilifurahi kumwona, Mungu shahidi. Akanipa mkono, halafu akatoa lile daftari kwenye nailoni, mbele ya watu, akasema, "Shemeji, nimeleta jibu lake." Nikafungua. Mstari wa kwanza, kijani: "Masha, hapa umekosea."

Mume wangu yuko ndani hajafunikwa, na mtu ananiletea karatasi ya kwamba amekosea! Kwa hiyo alikufa kwa neno bovu? Nilimrudishia kifuani. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika kwa sababu Everline anasoma. Alilichukua daftari lake akaondoka. Sahani ya pilau ilikuwa imeshawekwa mbele yake. Hakuigusa. Watu wote waliona.

Hilo la kumi na mbili liko kwake. Siendi Kau. Usiniombe.

Mama yako

*

Leuven, 15 Juni 2025

Mama yangu,

Shikamoo. Sikuombi.

Nimechoka, mama, nawe umechoka, nayaona maneno yako yalivyoinama. Sina hasira. Ningekuwa pale siku ile, pengine ningemfukuza mimi kabla yako.

Nitamwandikia profesa kwamba namtoa baba. Nitaandika juu ya karatasi za serikali bila kutaja mtu. Nitamaliza, tena kwa wakati, na kofia nitavaa.

Jambo moja tu, kwa kuwa nimelala nalo. Katika daftari la saba, kwenye karatasi ya kipindupindu, umenakili mstari usio wa baba. Karatasi ilisema maji yachemke dakika tano. Chini yake umeandika: "Masha, dakika ni za wenye saa. Wambie kama alivyosema shemeji Nyevu, yachemke mpaka umalize kupeta ungo mmoja wa mpunga. Neno hili si lako wala si langu, ni lake, na limetushinda wote wawili."

Huyo ni Mwalimu Zubeir. Ni mstari wake mmoja tu katika daftari kumi na moja. Kwa nini uliuandika huo, mama?

Christine

*

Ndera, 10 Agosti 2025

Mwanangu Christine,

Salamu, na salamu hizi zimetembea. Nyumbani wote wazima. Profesa mdogo ameachishwa kunyonya, sasa analia kwa sababu. Mwaro alikuja siku mbili, akala kuku wangu watatu, akarudi Madogo.

Umeniuliza kwa nini niliuandika mstari ule. Ulitaka niache sifa zangu mwenyewe? Nilikuwa kambini, nala uji wa msaada, sina nyumba, sina mume. Nikaona pale kijani kinasema neno la Nyevu limewashinda wote. Mkono ukaandika wenyewe. Nilijidanganya kwamba umeteleza.

Nilikaa na barua yako tangu Juni. Kila siku ya soko Everline ananiuliza, "Mama Christine, hujibu?" Namwambia kalamu imekwisha. Mwezi uliopita akaniwekea mezani kalamu tano. Nikaona aibu.

Basi nimekwenda Kau. Njia nakuachia, waulize magoti. Mwisho ni mtumbwi, na mimi na sanduku la bati na mfuko wa mchele na jogoo, mpiga kasia ananiuliza kama nahama.

Aliyenipokea ni Hasina, binti yake, yule anayefundisha watoto wa chekechea. Akaniangalia, akaliangalia sanduku. Akaita ndani, "Baba, mgeni, kutoka juu."

"Nani?"

"Mke wa marehemu Masha."

Mimi hapo mlangoni natafuta maneno niliyoyapanga njia nzima. Halafu nasikia, "Ameleta jibu?"

Mwaka na zaidi, mwanangu, na neno la kwanza ni hilo! Nikasema, "Mwalimu, hata shikamoo hatujapeana."

"Marahaba, shemeji, ingawa hujaitoa. Kaa. Umeleta jibu?"

Amekuwa mdogo, Zubeir. Amekaa kitandani anatazama ukutani, na ukutani hakuna kitu. "Mato yangu yamekufa," akaniambia. Wao husema mato, sisi macho. "Hasina ndiye mato yangu. Sema naye polepole, akikasirika haoni." Hasina akasema, "Baba!" Nikacheka kabla sijataka.

Nikamwambia, "Kabla ya daftari, kuna chakula ulikiacha kwangu." Nikampa Hasina mchele na jogoo.

"Hicho kimekaa muda mrefu," akasema.

"Nitakipasha moto."

Tulipika. Alikula, mwanangu. Alikula mpaka akaomba ukoko. Mimi nilikuwa namtazama mkono unavyokwenda mdomoni, na kitu nilichokibeba tangu siku ile kikawa kinashuka taratibu, kama mtu anayetua gunia asilimwage.

Ndipo nikamuuliza. "Mwalimu, ulimkosoaje maiti?"

Akafuta mikono. "Niliposikia amefariki, daftari lilikuwa kwangu siku nne, sijamjibu. Sisi desturi yetu huendi kwa mwenzako mikono mitupu. Nikakaa nikaandika, usiku huohuo, nalia naandika. Hasina anajua. Ningemwandikia nini, shemeji? Kwamba amepatia? Miaka thelathini sikumdanganya, nianze siku ya mazishi? Siku nitakayoacha kumbishia Masha, ndiyo siku nitakayokuwa nimemzika."

Nikakusanya sahani.

Hasina akalitoa la kumi na mbili, bado limo ndani ya nailoni. Nikamwambia asome, maana siku ile mimi nilisoma mstari mmoja tu. Nakuandikia yote yalivyo: "Masha, hapa umekosea. Umeandika wanashauriwa, kwa sababu wewe husema mkalimani hapandishi sauti ya mwenye barua. Shauri mtu hulipima, na maji hayangoji mtu apime. Ungesema tokeni. Najua utanijibu kwamba nimeongeza. Nijibu. Upande wako nimeuacha wazi."

Na kweli. Kushoto, hapo chini ya buluu, kweupe mpaka mwisho wa ukurasa.

Nikasikia damu inanipanda, lakini haikuwa ile hasira ya matanga. Nikamwambia, "Mwalimu, na wewe umekosea."

Hasina akaacha kusoma.

"Sisi Wagiriama tuliotoka kusini," nikamwambia, "tumeambiwa tokeni mara ngapi kwenye mto huu? Kila anayetaka shamba letu huanza na neno hilo. Masha angesimama mlangoni kwa mtu akasema tokeni, wanaume wangekaa palepale wakidai kuonyeshwa karatasi. Yeye alijua. Ndiyo maana hakulisema. Lakini na la kwake halikuwahamisha. Walimsikiliza, wakamshukuru, wakarudi kulala."

"Kwani nani aliyewahamisha?"

"Mimi. Nilikuwa napita nyuma yake. Yeye akiondoka mlango wa mbele, mimi naingia kwa mama jikoni. Sikusema wanashauriwa, sikusema tokeni. Nilisema: beba mtoto kwanza, mbuzi watafuata. Basi. Mwanamke akishabeba mtoto hakai chini tena. Na mwanamume atabaki na nani?"

Mzee alicheka, mwanangu, akacheka mpaka kikohozi kikamshika na Hasina akamletea maji. Halafu akanyoosha kidole hewani, hajui hata nimekaa wapi. "Andika! Kushoto kuko wazi, andika!"

Nikasema mimi ni darasa la saba.

"Na ule ungo wa mpunga ulikuwa darasa gani?"

Hasina hakuwa na kalamu nyingine isipokuwa ile nyekundu ya kusahihishia watoto. Nikaandika kwa hiyo. Nilichukua muda, na Mwalimu ananiuliza kila mara, "Umefika wapi? Umefika wapi?" Nimeandika yote hayo niliyomwambia, na chini nikaweka jina langu, Nyevu Masha, na tarehe.

Daftari zote kumi na mbili ziko hapa kwa Everline, zile zenyewe, zilizoroa. Anazipiga picha kushoto na kulia, ameniapia hatakata ukingo. Mwalimu ameridhia, ila amesema anataka tasnifu yako uisome kwa sauti siku utakayokuja, naye atakuwa na la kukukosoa, ujitayarishe. Agosti haijaisha. Mrudishe baba yako ndani, lakini usimrudishe peke yake.

Wale wasomi uliowaambia alikuwa pekee, waandikie. Sema ulikosea. Nimejaribu, haiui.

Dado nimemwambia sasa ni vitabu vya watu watatu, na mmoja wao ni mimi. Chai haikunoga kwake wiki nzima.

Nimechoka kweli, mwanangu. Nitalala kesho mchana kutwa, asinibishie hodi mtu.

Kwenye ule ukurasa utaona herufi nyingine zimepinda na neno moja au mawili yamekaa vibaya. Najua mkono wako wa shule utawasha kuyatengeneza. Nyekundu yangu usiifute. Ukiikataa, andika chini yake, weka tarehe.

Mama yako,
Nyevu Masha